Kutengeneza MIL-100(Fe) inayovutwa na sumaku, na kuthibitisha kwamba mwanga ndio unaovunja rangi

Viunzi vya metali na oganiki, ambavyo maabara huviita MOF, ni fuwele zenye vyumba vitupu ndani yake: vifundo vya metali vimeunganishwa na molekuli za kaboni kama vyuma vya jukwaa la mafundi ujenzi. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kazi yao ya kuvijenga. Mwongozo huu unahusu kimoja tu, MIL-100(Fe). Herufi MIL zinatokana na jina la Kifaransa la vifaa vya Taasisi ya Lavoisier ya Versailles, alikofanya kazi Gérard Férey.

Tumekichagua kwa sababu za maabara isiyo na kila kitu. Hutengenezwa ndani ya maji, katika joto la chumba, bila chombo cha shinikizo, bila asidi haidrofloriki na bila viyeyusho ghali. Metali yake ni chuma. Kina vyumba vya aina mbili, vyenye upana wa angstromu 25 na 29 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita), na madirisha ya takriban angstromu 5.5 na 8.6. Kinafyonza mwanga unaoonekana, hasa wa bluu, na kwa mwanga huo kinaweza kuwa kichocheo cha kuvunja rangi zilizomo ndani ya maji, ndiyo kazi tunayokitakia. Upungufu wake mkubwa ni kwamba unga ni laini mno. Ukishaumwaga ndani ya maji, kuutoa ni shida. Ndiyo maana tunaukuza juu ya chembe za magnetaiti, oksaidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku.

Sumaku mbili zisizofanana

Kwanza tuondoe kosa linalorudiwa sana. MIL-100(Fe) imejaa chuma, lakini yenyewe haivutwi na sumaku ya mkononi. Vifundo vyake ni ioni tatu za Fe3+ zilizoshikana kwa atomu moja ya oksijeni katikati. Kila ioni ina elektroni tano zisizo na wenza, ila kupitia oksijeni hiyo ioni jirani huelekeza sumaku zao kinyume na kufutana kwa sehemu kubwa. Zingekuwa huru, kifundo kizima kingeonyesha momenti, yaani nguvu ya sumaku yake, ya takriban magnetoni 10.2 za Bohr. Kipimo halisi katika joto la chumba huwa chini sana ya hapo. Kwa kuwa pembetatu haiwezi kupangwa ili kila jirani awe kinyume cha mwenzake, mvutano hubaki bila suluhu. Matokeo yake ni paramagneti dhaifu, yaani kitu kinachovutwa kidogo tu sumaku ikiwa karibu.

Magnetaiti, Fe3O4, ni ferimagneti: safu mbili za ioni zinapingana lakini hazilingani, hivyo inabaki ziada kubwa. Kipande kikubwa hufika emu 92 hivi kwa gramu (emu ni kizio cha usumaku). Chembe za nanomita 10 hadi 15 zinazotengenezwa kwa kushusha mashapo kwa kawaida hutoa 50 hadi 70, kwa sababu tabaka la nje la kila chembe halikupangika vizuri. Faida yake ni kuwa udogo huo huzifanya superparamagnetiki: zinavutwa sumaku ikiwa karibu, na ukiiondoa zinaachiana na kutawanyika tena. Bila hilo unga ungeganda kuwa mabonge baada ya kukusanywa mara ya kwanza.

Hatua ya kwanza: magnetaiti yenye koti la sitrati

Vipimo hivi vinatoa kama gramu 1.1, zaidi ya mara mbili ya unachohitaji.

1. Chemsha maji yaliyotoneshwa mililita 60 na kuyapoza huku ukipitisha naitrojeni, ili kutoa oksijeni. Chukua mililita 50 uweke kwenye chupa ya shingo tatu.

2. Yeyusha FeCl3·6H2O gramu 2.70 (milimoli 10) na FeCl2·4H2O gramu 0.99 (milimoli 5). Uwiano wa 2 kwa 1 ndio roho ya kazi. Chumvi ya Fe2+ ya zamani, iliyogeuka kutoka kijani hafifu kuwa ya manjano au kahawia, imekwisha kuoksidika. Ukiipima kwa uzito huo huo utapata unga wa kahawia wenye sumaku dhaifu.

3. Pasha hadi nyuzi 80 huku ukikoroga kwa mota yenye fimbo na pangaboi. Usitumie kidonge cha sumaku. Magnetaiti yote itakigandia, utakuwa unakoroga bonge jeusi ndani ya maji matupu.

4. Ndani ya kabati la kutolea hewa, mimina kwa mkupuo mmoja amonia ya asilimia 25, mililita 10. Hesabu inahitaji mililita 3 tu. Ziada ni ya kuinua pH hadi karibu 10. Rangi inapaswa kuwa nyeusi papo hapo. Ikipita kwanza kwenye kahawia na kukaa hapo, ama naitrojeni haikutosha ama Fe2+ ilikuwa mbovu.

5. Baada ya dakika 30 ongeza trisodiamu sitrati gramu 1.0 iliyoyeyushwa katika maji mililita 5, endelea kwa saa 1 katika nyuzi 80, kisha acha ipoe.

6. Vuta unga kwa sumaku ya neodimi iliyowekwa nje ya bika, mwaga maji, osha mara tatu kwa maji na mara moja kwa ethanoli. Rudisha kwenye maji mililita 50. Usiukaushe wote: chembe zikikauka huungana na hazitawanyiki tena vizuri. Kausha mililita 2 tu, upime, upate idadi ya miligramu kwa kila mililita.

Sitrati inafanya kazi mbili. Inazuia chembe zisishikane, na vikundi vyake vya kaboksili vilivyobaki wazi hukamata ioni za chuma, hivyo kiunzi kinaanza kuota juu ya chembe badala ya kuota pembeni. Bila koti hilo mara nyingi utapata mchanganyiko wa unga mweusi na unga wa rangi ya chungwa, kila mmoja na njia yake.

Hatua ya pili: kukuza kiunzi

Njia hii huanza na Fe2+ na kuacha hewa iigeuze kuwa Fe3+ polepole. Ukianza na Fe3+ katika joto la chumba, muungano hutokea haraka mno na unaishia na jeli isiyo na mpangilio wa fuwele. Mwitikio unaotafutwa, ukiacha molekuli za maji zinazojishikiza baadaye, ni huu:

12 Fe2+ + 8 BTC3− + 3 O2 + 2 H2O → 4 Fe3O(OH)(BTC)2

BTC3− ni asidi ya trimesiki iliyonyang'anywa haidrojeni zake tatu. Tazama kwamba hakuna asidi wala alkali inayobaki pande zote mbili; mwitikio wenyewe hautaki ziada ya sodiamu haidroksaidi. Ni moli 3 tu kwa kila moli ya asidi ya trimesiki. Ukizidisha, chuma kinashuka kama oksaidi-haidroksaidi ya manjano inayofanana kabisa kwa macho na kile unachokitaka. Ukipunguza, sehemu ya asidi haiyeyuki.

Myeyusho wa kwanza: asidi ya trimesiki gramu 1.40 (milimoli 6.66) ndani ya NaOH ya moli 1 kwa lita, mililita 20. Koroga hadi uwe angavu kabisa.

Myeyusho wa pili: maji mililita 75 yaliyopitishiwa naitrojeni, FeCl2·4H2O gramu 1.99 (milimoli 10), pamoja na kiasi cha maji ya magnetaiti chenye gramu 0.50 za unga. Kabla ya kuchanganya, tikisa magnetaiti dakika 10 kwenye bafu la mawimbi ya sauti.

Dondosha wa kwanza ndani ya wa pili kwa dakika 15 hadi 20, ukikoroga kwa mota. Sasa ondoa naitrojeni na uache mdomo wa chombo wazi. Milimoli 10 za Fe2+ zinahitaji milimoli 2.5 za oksijeni, yaani mililita 60 hivi za gesi hiyo, sawa na karibu mililita 300 za hewa. Chupa iliyozibwa yenye nafasi ndogo juu inaishiwa oksijeni katikati ya kazi, nawe unalaumu kemikali. Bika pana la mililita 400 lililofunikwa karatasi ya chujio linatosha.

Koroga saa 24 katika joto la chumba. Kwa kuwa magnetaiti ni nyeusi, mabadiliko ya rangi ni magumu kuyaona. Andaa kando bika dogo lenye robo ya vipimo vyote bila magnetaiti. Humo utaona kijani kikigeuka taratibu kuwa rangi ya chungwa. Bika hilo pia ndilo litakalokupa MIL-100 tupu ya kulinganishia baadaye, kwa hiyo si hasara. Umeme ukikatika kwa saa mbili tatu, usitupe kazi. Unga unatuama na uoksidishaji unapungua kasi tu. Ongeza muda uliopotea.

Kusanya kwa sumaku, si kwa sentrifuji, na uyahifadhi maji ya juu. Osha mara tatu kwa maji, kisha mara mbili kwa ethanoli ya nyuzi 60, kila mara saa 2, ili kutoa asidi ya trimesiki iliyonaswa ndani ya vyumba. Kausha kwa nyuzi 70 usiku kucha. Usipeleke kwenye nyuzi 200 hewani kwa tamaa ya kukausha haraka: magnetaiti huoksidika na kugeuka maghemaiti, na ukipanda zaidi kiunzi chenyewe kinaanza kubomoka.

Kiunzi kingetoka chote, bila maji ya ndani ya vyumba, kingekuwa gramu 2.17. Ukijumlisha magnetaiti 0.50 unapata 2.67, na magnetaiti ni kama asilimia 19. Ukipata gramu 3.5, usisherehekee. Hayo ni maji au asidi iliyobaki.

Je, kiunzi kimeshika kwenye magnetaiti?

Chukua yale maji ya juu uliyohifadhi. Yakiwa na wingu la chungwa, kuna kiunzi kilichoota peke yake. Kitenge kwa sentrifuji, kikaushe na ukipime. Kikizidi sehemu ya kumi ya mazao, rudia ukiwa na magnetaiti iliyotawanywa vizuri zaidi, na udondoshe polepole zaidi.

Kwenye mashine ya eksirei, tafuta vilele vya MIL-100 karibu na pembe (2θ) ya nyuzi 3.4, 4.0, 10.2 na 11.0, na vya magnetaiti karibu na 30.1, 35.5, 57.0 na 62.6, kwa mrija wa shaba. Waagize wapimaji waanze kwenye nyuzi 2 au 3. Wengi huanza kwenye 10 kwa mazoea na kukata sehemu yote yenye maana. Mrija wa shaba pia huifanya chuma kutoa mng'ao wake wenyewe unaoinua usuli wa grafu, basi wa kobalti ukipatikana ni bora. Kwenye infraredi, kilele kati ya mawimbi 1700 na 1720 kwa sentimita ni asidi ya trimesiki ambayo haijaungana. Rudi kwenye ethanoli ya moto.

Kupima usumaku

Ukipata magnetomita, mashine ya kupima usumaku, peleka sampuli tatu za mafungu yale yale: magnetaiti tupu, MIL-100 tupu na mchanganyiko. Gawanya kilele cha grafu ya mchanganyiko kwa cha magnetaiti tupu. Kama magnetaiti yako ni emu 60 kwa gramu na mchanganyiko ni 11, basi asilimia 18 ni magnetaiti, karibu sawa na hesabu. Kwenye uga mkubwa wa sumaku mstari wa mchanganyiko hautalala kabisa. Unaendelea kupanda kidogo kwa sababu ya paramagneti ya kiunzi. Ondoa mteremko huo kabla ya kusoma kilele. Bana unga kwa pamba au nta, kwani chembe zilizo huru hugeuka ndani ya kijiko cha sampuli na kuharibu umbo la grafu.

Hapa ndipo hewa ya pwani inapowaumiza watu. MIL-100 hunyonya mvuke hadi zaidi ya nusu ya uzito wake unyevu ukiwa mkubwa. Unga uliokaa wazi kwenye meza Mombasa au Dar es Salaam kwa saa moja si unga ule ule uliotoka kwenye tanuri. Emu kwa gramu inashuka, kipimo cha kichocheo kinakuwa pungufu, na hakuna aliyebadilisha chochote. Upime ukiwa umetoka kukauka, au uuache ulingane na hewa ya chumba na upime unyevu wake kwa sampuli ndogo.

Bila magnetomita, weka miligramu 20 katika maji mililita 20, bandika sumaku ubavuni na upime dakika hadi maji yawe angavu. Dakika moja hadi tatu ni vizuri. Kuongeza magnetaiti kutapunguza muda huo, lakini kuna bei: magnetaiti inafyonza mwanga bila kuufanyia kazi, na elektroni na mashimo (nafasi zinazoachwa na elektroni) vilivyotenganishwa na mwanga vinaweza kukutana tena ndani yake. Hatupendekezi kuvuka asilimia 25.

Jaribio la mwanga

Fotoni inapofika kwenye kifundo, elektroni inahama kutoka oksijeni kwenda Fe3+, ambayo inakuwa Fe2+. Ikiachwa hivyo, nyingi hurudi zilikotoka na kazi inakuwa ya polepole. Ukiongeza haidrojeni peroksaidi kidogo, Fe2+ huipasua na kutoa radikali ya haidroksili, inayovunja karibu kila molekuli ya kaboni. Pengo la nishati la kiunzi hiki huripotiwa kati ya elektroni-volti 2.4 na 2.8 hivi, maana yake mwanga wa chini ya nanomita 440 hadi 520.

Methilini bluu ni rahisi kupata na ina mitego miwili. Wa kwanza: yenyewe hufyonza mwanga mwekundu kwa nguvu na inaweza kujichakaza bila kichocheo. Tumia LED ya bluu ya nanomita 450, ambako rangi hii hufyonza kidogo sana na kiunzi hufyonza. Wa pili ni mbaya zaidi. Kiunzi hunasa methilini bluu nyingi ajabu ndani ya vyumba vyake, hata gizani. Maji yanakuwa meupe, picha inapendeza, na hakuna molekuli hata moja iliyovunjwa.

Tumia maji ya rangi mililita 100 yenye miligramu 20 kwa lita, na unga miligramu 20. Koroga kwa mota, au kwa viputo vya pampu ya tangi la samaki. Kaa gizani hadi vipimo viwili vilivyoachana kwa dakika 30 vilingane. Dakika 30 za mazoea mara nyingi hazitoshi, saa mbili au tatu ni kawaida. Ikiwa zaidi ya asilimia 70 ya rangi imetoweka gizani, ongeza rangi au punguza unga na uanze upya. Kisha ongeza peroksaidi ya asilimia 30, mililita 0.1 (karibu milimoli 10 kwa lita), na uwashe taa. Tia bika ndani ya bafu la maji la nyuzi 25 hadi 28, la sivyo joto la taa litahesabiwa kama kazi ya mwanga.

Toa mililita 2 kila dakika 10, vuta unga kwa sumaku, sentrifuji dakika 5, soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 664, kisha rudisha unga ndani ya bika. Usichuje kabla ya kupitisha kwanza myeyusho unaoujua kwenye chujio hilo, maana chujio nyingi hunyonya rangi hii. Andaa mstari wa vipimo kati ya miligramu 0.5 na 5 kwa lita na uzimue sampuli ziingie humo. Juu ya hapo usomaji haunyooki.

Kasi hupatikana kwa ln(C0/C) = kt, ambapo C0 ni kiwango cha mwisho wa giza, si cha mwanzo kabisa. Mfano: giza linaishia kwenye 8.0 na baada ya dakika 30 za mwanga imebaki 2.0. Logi asilia ya 4 ni 1.386, gawanya kwa 30, k ni 0.046 kwa dakika.

Namba hiyo peke yake haina uzito. Iweke kando ya hizi, zote kwa muda ule ule: taa tu, taa na peroksaidi, unga na peroksaidi gizani, unga na taa bila peroksaidi, magnetaiti tupu miligramu 4 na peroksaidi na taa, MIL-100 tupu miligramu 16 na peroksaidi na taa. Ile ya gizani ndiyo muhimu kuliko zote. Ikikaribia ile ya mwanga, ulicho nacho ni kichocheo cha kawaida cha Fenton, yaani chuma na peroksaidi vinavyofanya kazi bila mwanga, na neno mwanga halistahili kwenye kichwa cha ripoti yako.

Mwisho wa jaribio, vuta unga na uuoshe kwa ethanoli yenye chumvi kidogo. Ethanoli ikigeuka bluu, rangi ilikuwa imejificha tu. Pima kiasi chake na uitoe kwenye hesabu. Rudia pia jaribio zima kwa kitu kisicho na rangi, kama fenoli, kwa kuwa hakijichakazi chini ya taa ya bluu. Ukipima mahitaji ya oksijeni kwa daikromati, ondoa kwanza peroksaidi iliyobaki, kwani nayo huoksidishwa na kuongeza namba kwa uongo.

Chuma kinachovuja, na unga unaokufa

Katikati ya jaribio, toa mililita 20, ondoa unga wote, na uache maji hayo chini ya taa ile ile. Rangi ikiendelea kupungua kwa kasi, kazi inafanywa na chuma kilichoyeyuka. Kipime kwa 1,10-fenanthrolini kwenye nanomita 510, baada ya kugeuza chuma chote kuwa Fe2+ kwa asidi askobiki.

Kiunzi kinastahimili maji yenye asidi kidogo. Kwenye alkali, hasa pH ikizidi 9, kinageuka haidroksaidi ya chuma. Fosfati ni adui mkubwa zaidi: inashika Fe3+ kwa nguvu kuliko trimesiki na kuivunja fuwele hata kwenye pH ya kawaida. Usitumie bafa ya fosfati kamwe, na kumbuka kwamba maji machafu ya kiwanda cha nguo mara nyingi yana alkali na wakati mwingine fosfati za sabuni. Jaribu kwanza maji halisi kidogo, usiku mmoja, na upime eksirei kabla ya kuahidi chochote.

Kwa kurudia matumizi, osha kwa ethanoli kati ya duru na duru, kausha, na upime uzito upya kila mara. Unga unaopotea kwenye kuta za bika unafanya kichocheo kionekane kimechoka wakati kimepungua tu. Baada ya duru ya tano, linganisha eksirei na usumaku na vya mwanzo. Vilele vya 10.2 na 11.0 vikififia huku sumaku ikiwa imara, kinachorudi mkononi mwako ni magnetaiti yenye mabaki ya kiunzi.

Maji ya kuoshea yana chuma, trimesiki na ethanoli. Yakusanye kwenye chombo cha taka za oganiki, mbali na chupa ya peroksaidi.